Sindano ilichomwa, dawa haikufika: kisa cha mgonjwa wa insulini mjini Moshi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaofundisha wagonjwa wa kisukari kujichoma insulini. Mgonjwa ameridhia kisimuliwe. Tutamwita Mama Aika. Si jina lake, na kazi yake, mtaa wake na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yamebadilishwa au kuondolewa.

Historia yake

Mama Aika amevuka miaka 55. Ana kisukari aina ya 2 kwa zaidi ya miaka 10, na kwa miaka 4 sasa anatumia insulini baada ya vidonge pekee kutotosha. Anauza viazi na vitunguu sokoni, na anaishi upande wa tambarare, chini ya mji, ambako mchana wa Januari na Februari nyumba ya bati haikaliki kwa joto. Anaishi na mjukuu wake wa kiume, mwanafunzi wa darasa la 7. Macho yake yameanza kupungua nguvu, hasa jua likizama.

Insulini yake ni ya mchanganyiko, 30/70, ya chupa ya mililita 10, anayochoma asubuhi na jioni. Alianza na yuniti 24 kwa siku. Kila alipokuja kliniki sukari ikiwa juu, dozi iliongezwa, hadi ikafika yuniti 62: 38 asubuhi na 24 jioni. Pamoja na dozi hiyo, sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa kati ya 14 na 19 (milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari hapa chini), na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, kilisoma asilimia 11.8. Kwenye daftari lake, kwa miandiko ya watu tofauti, maneno "hafuati masharti" yanajirudia. Ukurasa mmoja yamepigiwa mstari.

Maneno hayo yalimwumiza kuliko sindano. Mgonjwa akishaandikiwa hivyo, kila anayefungua daftari humtazama kwa macho ya aliyetangulia. Ataulizwa kama amekula wali mwingi, kama alikunywa mbege kwenye msiba, kama anaruka dozi. Ataambiwa ajitahidi. Naye, kwa adabu, ataitikia na kuondoka na dozi kubwa zaidi ya aliyokuja nayo. Katika miaka yote 4, hakuna ukurasa ulioandikwa kwamba mtu alimwona akijichoma, wala kwamba mtu alimgusa tumbo.

Kilichomleta

Mchana mmoja, yapata saa 8, wenzake sokoni walimwona anatokwa jasho jingi, anatetemeka, na anamrudishia mteja chenji mara mbili. Alipoanza kujibu maneno yasiyoeleweka wakamketisha. Mmoja wao mume wake ana kisukari, akajua sukari imeshuka. Akamnywesha soda, ile ya kawaida yenye sukari, kidogo kidogo kwa kuwa bado alikuwa na fahamu na anameza. Alipofikishwa kituo cha afya kipimo kilisoma 3.1, na hapo soda ilishaanza kufanya kazi. Siku 2 baadaye alikuja kliniki. Sukari ya asubuhi hiyo: 17.

Kushuka na kupanda kwa namna hii ndani ya siku 2, kwa dozi ileile, kulitufanya tusimame. Daktari wa zamu alikuwa na njia mbili zilizozoeleka. Angepunguza dozi kwa sababu ya kilichotokea sokoni, na sukari ambayo tayari iko juu ingezidi kupanda. Au angeiongeza kwa sababu ya ile 17, na safari ijayo mama angeangukia barabarani. Akaamua kutogusa dozi yoyote kwanza, akamleta chumba cha elimu ya mgonjwa. Naamini uamuzi huo wa kusubiri nusu saa ndio uliookoa kila kilichofuata.

Hesabu ya chupa

Kabla ya kumwuliza lolote kuhusu masharti, tulitazama kumbukumbu za dirisha la dawa. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mtu anayetumia yuniti 62 kwa siku huimaliza kwa siku 16 hivi, maana yake chupa 2 kwa mwezi au pungufu kidogo. Mama Aika alikuwa anachukua chupa 2 kila mwezi, bila kukosa, na anakuja na chupa tupu kuzionyesha.

Hesabu hiyo huchukua dakika 2 na haihitaji kifaa chochote. Ilituonyesha kwamba dawa ilikuwa inatoka kwenye chupa kwa kiasi kilichoandikwa. Kama angekuwa anaruka dozi, chupa zingemlalia nyumbani. Swali likawa jingine kabisa: dawa inatoka kwenye chupa, inakwenda wapi?

"Nionyeshe mama, kama vile uko nyumbani"

Nilimsalimia, nikamwomba atoe vifaa vyake mwenyewe, si vya kliniki, na ajiandae kana kwamba mimi sipo. Alisita kidogo. "Nesi, mwanangu, nisije nikakosea mbele yako." Nikamwambia hakuna mtihani, nataka nijifunze anavyofanya. Akafungua mkoba.

Kwanza nilitazama bomba la sindano. Lilikuwa na mfuniko wa rangi ya machungwa, la insulini ya yuniti 100 kwa mililita, sawa na chupa yake. Hili hukaguliwa kabla ya lolote. Yapo mabomba ya mfuniko mwekundu, ya insulini ya yuniti 40 kwa mililita, na anayevuta insulini ya kawaida ya yuniti 100 kwa bomba hilo hadi mstari wa 38 atajichoma yuniti 95. Kwake bomba lilikuwa sahihi, na mistari aliisoma vizuri pale dirishani penye mwanga.

Kisha akatoa chupa. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, na ndani yake dawa ilikuwa imejitenga: juu maji maangavu, chini utando mweupe umelala. Akaiinua taratibu kama anayebeba yai, akaigeuza, akachoma sindano kwenye kizibo cha mpira na kuvuta. Hakuichanganya hata kidogo. Kilichoingia kwenye bomba kilikuwa karibu kiangavu kama maji ya kunywa.

Nikamwuliza kwa nini hakuichanganya.

"Niliambiwa nisitikise. Inaharibika."

Kweli aliambiwa. Ndivyo tunavyowaambia wagonjwa wengi, kwa sababu kutikisa kwa nguvu huleta povu na viputo na kunaweza kuidhuru dawa. Lakini hakuna aliyemwambia afanye nini badala ya kutikisa. Kwa miaka 4 alitii sehemu ya kwanza ya maelekezo ambayo sehemu ya pili haikumfikia, na alitii kwa uangalifu kiasi cha kujitahidi chupa isitikisike hata anapotembea nayo.

Insulini hii haina budi kuchanganywa kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Asilimia 30 ni insulini ya haraka, iliyoyeyuka kabisa kwenye maji. Asilimia 70 ni ile inayofanya kazi polepole, ambayo asili yake ni kazi ya daktari wa Denmark, Hans Christian Hagedorn, na wenzake: katika miaka ya 1930 waligundua kwamba insulini ikiunganishwa na protini iitwayo protamini hunyonywa polepole mwilini, na mwaka 1946 ikapatikana aina ya fuwele inayotumika hadi leo. Fuwele hizo haziyeyuki. Zinaelea, na zikiachwa zinazama. Ukivuta maji ya juu unapata sehemu ya haraka peke yake, na ile asilimia 70 inabaki chini. Siku zinavyokwenda, chupa inabaki na mzigo mzito wa fuwele, kwa hiyo dozi za mwisho wa chupa hazifanani hata kidogo na zile za mwanzo. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliopima kalamu za insulini (vifaa vya kuchomea vyenye umbo la kalamu) ya aina hiyo ambazo wagonjwa hawakuzichanganya vizuri: kiasi cha insulini kilikuwa kati ya asilimia 5 na 214 ya kilichotakiwa. Mtu mmoja, dozi moja iliyoandikwa, na mwilini zinaingia dozi mbalimbali.

Kisha akapandisha blauzi. Alikwenda moja kwa moja mahali pake, vidole 2 kutoka kitovuni upande wa kushoto. Kwa macho hapakuonekana kitu zaidi ya ngozi iliyonyanyuka kidogo na kung'aa. Nilipomlaza na kupapasa kwa vidole vilivyopakwa jeli, nikakuta uvimbe mgumu kama wa mpira, mpana kama nusu ya kiganja, na mwingine mdogo upande wa kulia. Hauumi. Ni mafuta yanayojijenga chini ya ngozi inapochomwa insulini mahali palepale mara kwa mara. Insulini ikiingia humo hunyonywa kidogo, kwa kuchelewa, na bila mpangilio.

"Kwa nini hapa, mama?"

Akanipa sababu 2. Ya kwanza, hasikii maumivu hapo, na kwingine panauma. Ya pili, "Nesi wa kwanza aliyenichoma, alinichoma hapa." Alipofundishwa siku ya kwanza, muuguzi alimwonyesha kwa mfano, naye akachukua mfano kuwa ndiyo maelekezo yenyewe.

Na siku ile ya sokoni? Asubuhi hiyo mfuko wa pesa anaoufunga kiunoni ulikuwa umemkwaruza palepale anapochoma, akachoma pembeni zaidi, kwenye ngozi nzima. Chai na ndizi za kupika alikunywa na kula kama kawaida kabla ya kutoka. Chupa ilikuwa karibu kuisha, kwa hiyo imejaa fuwele. Yuniti 38 ambazo kwa miaka zilikuwa zinapotelea kwenye uvimbe, siku hiyo zilifika mwilini, tena zikiwa nzito kuliko kawaida, na ile sehemu ya polepole ikawa kwenye kilele chake ilipofika saa 8 mchana.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa dozi, na ulitangulia somo lolote. Mgonjwa anayehama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ngozi nzima hawezi kubaki na dozi ya zamani. Dozi ile ilipandishwa ili kufidia dawa iliyokuwa inapotea. Ukimrekebishia namna ya kuchoma ukamwachia dozi, umemwandalia kuanguka kwingine. Mapendekezo ya kimataifa ya mwaka 2016 kuhusu uchomaji wa insulini yanataka dozi ipunguzwe katika hali hii, na mara nyingi punguzo huzidi asilimia 20. Daktari akaishusha hadi yuniti 48: 30 asubuhi na 18 jioni. Mama alishtuka. Sukari yangu iko 17 mnanipunguzia dawa? Ilibidi tumweleze mara 2, tukichora, kwamba dawa iliyoandikwa imepungua lakini itakayofika itaongezeka.

Uamuzi wa pili ulikuwa tufundishe nini siku hiyo na tuache nini. Makosa madogo yalikuwa mengine pia. Hakuwa anaingiza hewa kwenye chupa kabla ya kuvuta, kwa hiyo alivuta kwa shida na kupata viputo. Alikuwa anatumia sindano moja siku kadhaa. Alichoma wima kwa sindano ndefu bila kukunja ngozi. Chupa inayotumika ilikaa mkobani kutwa, kwenye meza ya sokoni. Tungeweza kummwagia yote. Tulichagua mawili yaliyokuwa yanaharibu dozi zaidi, kuchanganya na mahali pa kuchoma, na mengine tukayapangia siku nyingine. Mtu aliyetoka kuambiwa kwamba miaka 4 dawa yake haikufika ana mengi ya kubeba kichwani siku hiyo.

Kuchanganya tulimfundisha kwa chupa yake mwenyewe: izungushe katikati ya viganja mara 10, kisha ipindue juu chini taratibu mara 10, kisha itazame dhidi ya mwanga. Iwe nyeupe kama maziwa kotekote, bila utando chini. Ikibaki na mabonge, au na vipande vilivyoganda kwenye kuta za chupa, isitumike. Alirudia mpaka akaacha kunitazama usoni kila hatua.

Mahali pa kuchoma tulipachora kwa kalamu ya wino juu ya ngozi. Uvimbe wote tuliuzungushia mstari: humu ni marufuku mpaka tutakapokwambia. Asubuhi tumboni, nje ya mstari, kwa sababu tumboni insulini hunyonywa haraka na asubuhi anahitaji ile ya haraka kwa ajili ya chai. Jioni pajani, sehemu ya mbele upande wa nje, ambako hunyonywa polepole na hupunguza hatari ya sukari kushuka usiku. Wiki hii kulia, wiki ijayo kushoto, na kila sindano iwe upana wa kidole kutoka ya jana. Ngozi ikunjwe kwa vidole 2, sindano iingie kwa kulala kidogo kwa kuwa sindano yake ni ndefu, na mkunjo usiachiwe mpaka dawa imeisha kuingia. Alichoma paja mbele yangu. Aliuma meno, kisha akasema ni kama kuumwa na siafu, si zaidi.

Tulimwazima kipimo cha sukari na vijiti vya kutosha kupima mara 2 kwa siku, alfajiri na alasiri. Akipata chini ya 4, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena, na akishapanda ale kitu. Wenzake sokoni waliambiwa vilevile, pamoja na onyo kwamba aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, anakimbizwa hospitali.

Wiki iliyofuata yakaja ya hewa, ya sindano na ya kuhifadhi. Kuhusu kuhifadhi: chupa ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, lakini isigande, na iliyowahi kuganda hutupwa hata kama imerudi kuwa maji. Ya akiba tukakubaliana ikae kwenye friji ya jirani, mlangoni, mbali na sehemu ya barafu. Inayotumika ikae nyumbani kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, isiende sokoni tena. Hatukumtisha kupita kiasi. Mwaka 2021 shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofuata joto halisi la nyumba za wakimbizi wa Dadaab, Kenya, lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Chupa ya Mama Aika huisha kwa wiki 3. Tatizo lake halikuwa joto.

Wiki ya tatu

Simu za mwanzo hazikutusaidia. Akiulizwa hali, alijibu, "Naendelea vizuri nesi, Mungu ni mwema." Tulipobadilisha na kumwomba atusomee namba za kwenye daftari, picha ikajitokeza. Wiki 2 za mwanzo alasiri zilikuwa nzuri, kati ya 7 na 10. Alfajiri zilibaki 13 hadi 15. Wiki ya tatu alasiri zikaanza kushuka: 5.2, 4.4, kisha 3.6 akanywa sukari. Alfajiri bado 14.

Kwa kuzitazama namba peke yake, jibu lilionekana wazi: punguza ya asubuhi, ongeza ya jioni. Daktari alishashika kalamu. Kilichotuzuia ni kwamba chupa ilikuwa inakaribia kuisha tena, na mchezo wa mwisho wa chupa tulishauona. Tukamwita mama aonyeshe upya. Alichanganya barabara na kuchoma barabara. Ndipo likaulizwa swali ambalo halikuwa kwenye fomu yetu: jioni nani anavuta dawa?

"Mjukuu. Mimi jioni sioni ile mistari. Ananivutia, najichoma mwenyewe."

Fomu ya kliniki inauliza, "Mgonjwa anajichoma mwenyewe?" Alijibu ndiyo, na ni kweli.

Kijana alikuja siku ya pili yake na sare za shule, akatoa shikamoo kwa kila aliyekuwa chumbani, akaonyesha. Mkono wake ulikuwa mtulivu, mistari aliisoma bila kukosea hata yuniti moja, viputo alivigonga vikatoka. Hakuichanganya. Alikuwa amejifunza kwa kumtazama bibi yake miaka ya nyuma, na alijua dawa haitikiswi.

Sasa namba zote zikaeleweka. Kila jioni, baada ya chupa kutulia kutwa nzima, kijana alivuta zaidi maji ya juu. Usiku mama akakosa ile insulini ya polepole, alfajiri sukari ikawa juu. Asubuhi mama akachanganya vizuri, lakini chupa ambayo kila jioni inapunguzwa maji yake ikazidi kuwa nzito, na dozi ya asubuhi ikazidi kuwa kali kuelekea mwisho. Kama tungeongeza ya jioni, tungeongeza maji. Siku kijana angejifunza kuchanganya, dozi ile iliyoongezwa ingemshusha bibi saa 8 usiku, wakiwa wamelala.

Dozi haikuguswa. Kijana alifundishwa, chupa ile ikatupwa ingawa ilibaki na kiasi, kwa sababu uwiano wake ulishaharibika, na wakaanza mpya.

Matokeo

Ndani ya siku 10 za chupa mpya, alfajiri zilishuka hadi kati ya 8 na 10, alasiri zikatulia. Baadaye dozi ilipunguzwa kidogo tena, ikawa yuniti 46. Baada ya miezi 3 HbA1c ilikuwa asilimia 8.6. Ni juu bado, lakini ni safari kubwa kutoka 11.8, kwa dawa pungufu. Sasa kwa kila miezi 2 anatumia chupa 3 badala ya 4. Sukari ilishuka mara moja hadi 3.7, akaishughulikia mwenyewe kwa vijiko 3 vya sukari. Uvimbe umelainika lakini haujaisha, na mstari wa marufuku tunaurudishia kila akija. Sindano ameacha kurudia kwa siku kadhaa, ila bado anatumia moja mara 2, na kwa uwezo wake wa sasa hatujapata njia ya kumfikisha kwenye moja kwa kila mchomo. Zilizotumika anaziweka kwenye dumu gumu la sabuni lenye kifuniko, halafu analileta kliniki. Haziendi tena kwenye choo cha shimo.

Kwenye daftari, daktari aliandika kwa wino mwekundu: "Anafuata maelekezo. Mbinu ya kuchoma ndiyo iliyokuwa na tatizo." Mama aliomba asomewe.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuangalia. Kila hatua iliyozaa matunda katika kisa hiki ilikuwa ni mtu kuonyesha kwa mikono yake, na vifaa vyake, kitu ambacho kwa mdomo angekieleza vizuri kabisa. Ukimwuliza mama wa umri huu "umeelewa?" atakuitikia ndiyo, kwa sababu wewe ni mhudumu na amefundishwa heshima. Ukimwambia akuonyeshe, mikono yake itakwambia kilichopo. Vilevile uvimbe wa namna hii mara nyingi hauonekani kwa macho. Anayetegemea kutazama tu akiwa amekaa kwenye kiti atauacha. Mlaze, paka jeli au sabuni, papasa, na ufanye hivyo kila anapokuja.

Kupunguza dozi kabla ya kumhamisha mahali pa kuchoma kulimkinga. Nalisisitiza hili kwa wenzangu tunaofundisha bila daktari chumbani: usimfundishe mtu mwenye uvimbe kuchoma mahali papya na kumruhusu aende na dozi ya zamani. Subiri daktari, hata kama foleni ni ndefu.

Kufundisha machache siku ya kwanza kulisaidia pia, ingawa kuna gharama yake. Kama tungegusa habari ya mwanga na macho siku hiyo, huenda kijana angejulikana wiki 2 mapema. Bado naona uchaguzi ulikuwa sahihi, lakini swali la nani anavuta, nani anasoma mistari na wapi, halihitaji kusubiri somo lolote. Ni swali la historia, liulizwe pamoja na umri.

Kilichoshindwa kabisa ni mafunzo ya mara moja. Mama Aika alifundishwa siku alipoanzishiwa insulini, akiwa na hofu, kwa mfano wa sindano moja, na baada ya hapo mfumo mzima ukachukulia kwamba anajua. Katika muda huo dozi ilipandishwa mara nyingi. Kila kupandisha kulikuwa nafasi ya kumwona akichoma, kabla ya kuandika namba kubwa zaidi. Maelekezo ya makatazo nayo yalishindwa. "Usitikise" bila "izungushe viganjani mara 10" ilivuka kutoka kwa muuguzi hadi kwa bibi, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, ikiwa kamili na ikiaminika.

Na lile neno la kwenye daftari. Kumbukumbu za dirisha la dawa zilikuwa zinamtetea muda wote, hatua chache kutoka chumba alimokuwa anakemewa. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hafuati masharti, hesabu chupa zake.

Fomu sasa ina mistari 3 mipya: nani anavuta dawa asubuhi, nani jioni, na ni lini mara ya mwisho kila mmoja wao alionekana akifanya. Kijana amealikwa kuja kila likizo ya shule. Jambo lililobaki wazi ni siku dirisha la dawa litakapokosa 30/70 na kutoa aina nyingine, kwa mfano ile angavu ya haraka ambayo haichanganywi kabisa, au ile ya polepole peke yake ambayo dozi yake haifanani. Tumekubaliana na mfamasia kwamba chupa yenye lebo tofauti haitolewi kwa mama wala kwa kijana bila kupitia kwanza chumba cha elimu.